Nililipaka Chujio Mafuta ya Karanga, Nikamsingizia Mzee Wangu

"Mimi Derlis sijawahi kuua injini ya mtu. Andikeni hapo, mpige na muhuri! Miaka miwili gereji, injini niliyoua, sifuri!"

Hayo niliyasema kwa sauti kubwa, mbele ya watu wanane, huku nafungua boksi la chujio la hewa kwenye pikapu ya bosi. Ilikuwa imezimikia getini, ikitema moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi.

Klipu ya kwanza, tak.

Ya pili, tak.

Nikainua mfuniko...

Mama yangu weee!

Ndugu msomaji, kama unakula, weka sahani pembeni kwanza. Mimi sina haraka.

Harufu ilitoka kama karanga zilizovundia ndani ya soksi. Chini ya boksi kulikuwa na uji wa kahawia, unavutika kama makamasi. Sisimizi wamo humo, waliokufa na wanaosubiri kufa. Na kwenye kona panya alikuwa amenyofoa pamba ya chujio akajengea kiota. Katikati ya kiota... vitoto vitano! Vyekundu, havina hata unyoya mmoja, vinajinyonganyonga.

Chujio lenyewe lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Vumbi lote la barabarani lilikuwa linaingia kwenye injini bila hodi.

Muhogo wangu wa asubuhi ulirudi wote. Niliutapikia tairi la mbele.

Doña Griselda, mwenye shamba, akaziba pua na kola ya shati lake.

"Nani kafanya uchafu huu kwenye gari langu?"

Macho yote yakahamia kwangu, niliyeshika mfuniko.

Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natema mate.

Nilinyoosha kidole.

"Muulizeni Don Wenceslao."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanihukumu mapema. Mtanihukumu tu, lakini msianze sasa.

Shamba letu la ng'ombe liko Chaco, Paraguai. Vumbi la huku ni laini kama poda ya mtoto. Upepo wa kaskazini ukianza, unalila kwenye mkate, unalipigia mswaki, unalala nalo.

Don Wenceslao ndiye fundi wa shamba, mwaka wa thelathini na moja huu. Chumba anacholala kiko ubavuni mwa gereji, ni cha Doña. Akikosa kazi, amekosa na paa. Ni yeye aliyenitoa kwenye kuchunga ndama akanifundisha kushika spana.

Dini yake ilikuwa moja tu... chujio la karatasi.

"Karatasi inashika vumbi la huku," alikuwa anasema. "Ikijaa unatupa, unaweka mpya. Unalala usingizi."

"Mzee wangu, huo ni ushamba. Siku hizi kuna la pamba! Unaliosha, unalipaka mafuta yake mekundu, linarudi kazini. Maisha yote!"

"Nani ataliosha?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe ambaye soksi zako ukizivua zinasimama zenyewe?"

Gereji nzima ilicheka. Nilicheka pia, lakini moyoni nikasema huyu mzee nitamwonyesha.

Nikamwendea Doña. Mji uko kilomita mia na arobaini, njia ni ya vumbi, na machujio ya karatasi alikuwa anayaagiza kwa katoni. Nikamwagia sera mpaka akalainika. Likanunuliwa la pamba.

Don Wenceslao hakununa. Alinifundisha kulitunza lile chujio ambalo hakulitaka.

"Lioshe kwa sabuni, anika kivulini, lisubiri likauke kabisa. Mafuta ni kidogo, tena ni yale yake tu. Ukiyajaza, yanaruka na kuziba sensa, ile inayopima hewa ya injini. Ukiliacha bila mafuta, vumbi linapita. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Nilikuwa sijasikia.

Mara ya kwanza nililiosha. Mara ya pili nililiosha nusunusu. Mara ya tatu kachupa ka mafuta kalikuwa tupu. Kwa nini? Kwa sababu mafuta mekundu nilikuwa nimeyapaka kwenye mnyororo wa pikipiki yangu ung'ae, kuna binti mmoja wa shamba la jirani nilitaka aone.

Hakuona. Turudi kwenye mada.

Ningemwomba Doña mafuta mengine? Baada ya kumwapia kwamba hili chujio halitamdai kitu? Aibu!

Sasa, Chaco hii karanga ni kama nyasi. Kila jiko lina dumu la mafuta ya karanga. Nikajiambia, Derlis, mafuta ni mafuta.

Mchana huku watu hulala baada ya chakula, na ukisema wanalala, wanalala kweli, hata mbwa. Nikanyata jikoni, nikajaza chupa, nikarudi gereji. Sikuosha chochote. Nikayamimina juu ya vumbi lilelile, kama naunga kachumbari.

Jumamosi tatu mfululizo!

Sasa mnajua panya alikaribishwa na nani.

Turudi getini.

"Wenceslao?" Doña akashtuka. "Kwa nini yeye?"

"Kila mtu anajua hakulitaka chujio hili," nikasema. Sauti yangu ilikuwa tamu kama ya mchungaji. "Alitaka lifeli. Nimemwona akizungukazunguka gari."

"Mimi ni fundi," Don Wenceslao akasema taratibu. "Nizunguke nini, kuku?"

Hakuna aliyecheka.

"Derlis," akanigeukia, "mimi nimemwaga uchafu huu?"

Wadau... nilikuwa na nafasi. Neno moja tu.

"Utajua mwenyewe, mzee."

Ptuu!

Doña akatazama moshi, akatazama vile vitoto vya panya, uso ukamkunjamana.

"Hii pikapu ndiyo inapeleka chanjo kwa ng'ombe. Wenceslao, ungeniambia umechoka kazi ningekuelewa. Lakini hivi? Lori la ng'ombe linaondoka saa kumi. Funga vitu vyako, upande nalo."

Kisha akaagiza lile boksi likamwagwe jikoni kwenye moto, panya na uji wake.

Nilimfuata mzee chumbani kwake. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anitukane nipate nafuu.

Hakunitukana. Alikuwa anakunja mashati. Matatu tu. Mtu ana miaka thelathini na moja mahali, halafu vitu vyake vinaenea kwenye gunia la chumvi.

"Seti ya spana naiacha," akasema. "Utaitumia wewe. Ile ya kumi na tatu imelegea taya, usiilazimishe."

"Sawa, mzee."

Sawa, mzee! Ndilo neno nililopata, na mdomo mzima huu.

Saa tisa tukakaa bandani kunywa tereré, ile chai ya majani kwenye maji ya barafu. Don Wenceslao naye alikuwepo, gunia miguuni, anasubiri lori. Doña alikaa mbali kidogo, hamtazami.

Tereré yetu ni pembe moja la ng'ombe na mrija mmoja wa chuma. Mpakuaji anajaza, unanyonya mpaka maji yaishe, unarudisha, anajaza kwa anayefuata. Mrija haufutwi. Mtu akiwa na mafua, anapewa. Akiwa hana meno, anapewa. Mpaka uaminifu wetu uko kwenye huo mrija. Kumruka mtu ni kumwambia yeye ni jalala.

Siku hiyo alikuwa anapakua Ña Sinforosa, mpishi wetu, mama mpana, mwenye macho yanayofumba nusu muda wote. Akampa wa kushoto kwangu.

Kisha akampa wa kulia kwangu.

Nikajichekesha. "Ña Sinforosa, umemsahau mtoto mzuri hapa!"

"Sijamsahau."

Duru ya pili. Kushoto kwangu... kulia kwangu!

Watu wakaanza kutazamana. Doña akageuka.

"Sinforosa, kuna nini?"

"Nina kinyaa, Doña."

"Kinyaa cha nini?"

"Mmeniletea lile boksi nikalichome. Nimelinusa mpaka machozi yamenitoka. Mafuta yale ni yangu, ya karanga, ya dumu la jikoni. Nimekaanga nayo tangu Pasaka, nitakosa kuyajua?"

Nikaruka juu kama nimekalia siafu.

"Karanga ziko Chaco nzima! Hata Don Wenceslao anaweza kuchota!"

Mzee aliinua macho akanitazama. Mara moja tu. Nilitamani ardhi inimeze na ile pikapu juu.

"Anaweza," Ña Sinforosa akasema. "Ila aliyekuja mchana nimejilaza kwenye machela yangu ya kamba inayoning'inia jikoni, akanipungia mkono usoni kuona kama nimelala, ni wewe. Mkono unanuka grisi, kucha kama umechimba kaburi. Nilibana chafya, Derlis! Jumamosi tatu nimebana chafya!"

"Sasa... mbona hukusema?"

"Nilidhani unajipaka nywele. Nikasema maskini, kijana ana binti anamtafuta, wacha achote."

Siku nyingine banda lingelipuka kwa kicheko. Siku hiyo hata aliyekaa kushoto kwangu alisogeza kiti chake.

Wadau, mtaniuliza mwishowe karatasi au pamba? Yote yanafanya kazi. La karatasi linamvumilia mvivu, maana kazi yake ni kulitupa tu. La pamba linataka mtu atakayeosha hata pasipokuwa na anayemtazama. Mimi nilitaka la mtu huyo, wakati mtu huyo si mimi. Na uchafu uliokuwa ndani ya lile boksi ulichomwa ukaisha. Ule niliomtupia mzee wangu ndio sijui unaoshwa na sabuni gani.

Doña akasimama. Akatembea mpaka kwa Don Wenceslao, akachukua gunia lake kwa mkono wake mwenyewe, akalirudisha chumbani. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Derlis. Ni kweli?"

Mimi, bingwa wa majibu, nikainama kutazama kucha zangu.

Ña Sinforosa akajaza pembe. Akampa Don Wenceslao, mzee akanywa mpaka mrija ukakoroma, akalirudisha. Likajazwa tena. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea tu.

Ña Sinforosa akaliondoa pembe.

"Ushushe mkono, mwanangu. Wenye meno mabovu, wenye mafua ya mwaka mzima, wote nimenywa baada yao hapa. Lakini baada ya mdomo uliomsingizia aliyeufundisha kazi, mimi sinywi."