Kongwa la Babu Yake Leo

Mwaka ambao mitumba ilijaa Majengo, Leo alipata fedha ya kuezeka bati nyumba ya marehemu baba yake kule Matogoro. Asubuhi moja, kabla ya kuezeka, alipanda darini kutoa mahindi ya mbegu, huku akipiga mluzi, na chini ya magunzi akakuta kongwa: mti mrefu wenye panda, ambao babu yake aliwafungia watu shingoni akiwaleta kutoka vitani.

Mtu mwingine angelichoma. Leo alilifuta masizi, akaliegemeza sebuleni.

Saa sita mchana akaja Osmund, mshenga, na posa ya Polikarp kwa Edna, binti pekee wa Leo. Leo hakungoja amalize hata salamu.

"Ukoo wa Polikarp ulikuja na hili hapa," alisema, akilipigapiga kongwa. "Wajukuu wa mateka hawaoi kwangu."

"Mambo ya utumwa yalishakwisha, Mzee Leo."

"Kwenu."

Osmund alichukua kofia yake akaondoka. Edna, aliyesikia yote akiwa jikoni, alitaka kugeuka amkimbilie. Hakuweza.

Shingo ilikakamaa. Hospitali walipiga picha, hawakuona kitu. Siku ya tatu alama nyekundu ikamzunguka koo, upana wa ile panda, na uji ukawa haupiti. Mchana kweupe, darini wakaanza kukohoa. Watu wengi. Kwa zamu.

"Nenda kwa kina Polikarp ukaombe radhi," alinong'ona Notburga, dada yake Leo. "Mtoto anakufa, kaka."

Leo alimpenda Edna kuliko macho yake. Lakini yeye, apige magoti mbele ya wale? Akaliburuta kongwa hadi uani, akalimwagia mafuta ya taa, akaliwasha. Kisha akarudi kuketi.

Chumbani Edna akageuza shingo, akaomba maji. Notburga alilia kwa furaha. Akakimbilia sebuleni kumwambia kaka yake, ndipo akaiona sakafu aliyoikandika asubuhi.

Nyayo. Za wakubwa, za watoto. Mstari mmoja, hatua sawa, zikitoka nje hadi kwenye majivu. Hapo zilitawanyika, kila mtu na njia yake.

Jozi moja ilikuwa imerudi. Iliishia nyuma ya kiti cha Leo.

"Kaka," alinong'ona. "Geuka."

Leo alijaribu.

Edna aliolewa na Polikarp mwezi uliofuata. Baba yake hukaa kiti kilekile, macho mbele, bila kumjua aliyesimama mgongoni pake. Notburga ameikandika sakafu ile mara nne. Kila ikikauka, zile nyayo mbili zipo, mbichi.