Vyuma vya Jabiri

Khalfani aliviegemeza vyuma vipya vya gofu ukutani, sebuleni kwake Buguruni, akatoka kunawa mikono. Aliporudi vilikuwa vimelala sakafuni, vyote, vimepangwa kwa namba zake, vichwa vikielekea mlangoni. Vile vya zamani vilisimama kimya ndani ya begi lao.

"Mwanakombo, umevigusa vitu vyangu?"

"Mie? Nina habari gani na fimbo zenu!" mkewe alijibu kutoka uani.

Khalfani alikuwa mwalimu wa gofu, na mashindano ya walimu yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Gibson, muuza duka wa Msasani, alimpa vyuma vipya avijaribu hadi Jumatatu. Akivipenda, wabadilishane. Mtu mwenye akili zake asingejiuliza mara mbili, maana chuma namba saba cha zamani kilikuwa kimelika uso, na mpira ukipigwa unaanguka njiani. Vipya vinaufikisha hata ukikosea.

Ila Khalfani alijiuliza siku nne mfululizo, na sababu aliijua mwenyewe. Vile vya zamani havikuwa vyake hata avibadilishe.

Vilikuwa vya Jabiri, kedi mkongwe aliyebeba mabegi ya watu mpaka akajaliwa la kwake, akawa analiacha kiwanjani. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuliona. Ndiye aliyemfundisha Khalfani kushika fimbo. Alipokuwa mgonjwa wa kufa alimwita faragha, akamwambia, "Mdogo wangu, hivi vyuma ni amana. Farida wangu akikua mpe, mwambie babaake kamwachia." Khalfani akaapa. Farida akafika miaka kumi na mitano, akafika ishirini, na kila mwaka Khalfani alijiambia mtoto bado mdogo. Sasa Farida naye ni kedi pale pale kiwanjani. Anambebea Khalfani begi la babaake mzazi, na kila asubuhi anamwamkia, "Shikamoo, baba mdogo." Khalfani huitikia marahaba huku akitazama pembeni. Aibu ilimla, lakini tamaa ilimla zaidi.

Jumamosi, jua la utosi, Mwanakombo akiwa sokoni, Khalfani alikata shauri. Alisema kwa sauti, kama mtu anayejipa moyo, "Navibadilisha, basi."

Begi la zamani likalia, chuma kikigonga chuma. Kikalia tena. Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi ikajaa sebule, na nyumba ile haina hata jani moja, ua wote ni saruji. Alitaka kuinuka, miguu ikamgomea, na vyuma vikaendelea kugongana kimoja baada ya kimoja kana kwamba kuna mtu anavichagua kwa utulivu, na ile harufu ikamjaa puani hadi kooni, na pumzi ya mtu asiyeonekana ikampiga shingoni, ya moto, karibu kabisa, ikimnong'oneza neno moja tu, "Amana", huku mikono yake yenyewe ikijikunja polepole mapajani, kidole juu ya kidole, kama ya mtu aliyeshika fimbo, ikakataa kufunguka.

Mwanakombo alimkuta hivyo, jasho likimtiririka. Hapo ndipo alipomweleza mkewe kila kitu.

Jioni walikwenda Temeke kwa Bi Salma, mganga wa majini. Alisikiliza habari yote, akafukiza ubani, akaisugua ile mikono hadi ikalegea. Kisha akauliza, "Aliyekuachia ni mtu wa pwani?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi amana yake kaiwekea mlinzi."

"Mtoe, bibi, nakuomba."

"Mlinzi hatolewi, mwanangu. Hajafanya kosa. Virudishe, na useme kwa kinywa chako: hii amana ya babaako, nimeikalia miaka tisa, niwie radhi. Usipunguze neno."

Kesho yake asubuhi Khalfani alimkuta Farida kwenye kibanda cha makedi, akalitua begi miguuni pake.

"Farida, hivi vyuma ni vyako."

Binti akakodoa macho. Akapiga magoti palepale, akamshika mikono. "Vyangu mie? Baba mdogo! Wallahi hata baba angekuwa hai asingenifanyia hivi!"

Makedi wenzake wakapiga makofi. Mmoja akasema walimu wenye roho kama hiyo hawapo tena. Khalfani alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yote, ulimini kabisa. Akamtazama binti yule anavyolia kwa furaha, akawatazama wale wanaomsifu.

"Uvitunze, mwanangu," akasema.

Alirudi nyumbani akijiambia kwamba la muhimu vyuma vimefika. Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

Mwanakombo hakuwa akimtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake, akavuta kanga kujifunika kichwa kama afanyavyo anapoingia mwanamume mgeni, akasogea kupisha njia.

"Mume wangu," alinong'ona, "huyu uliyekuja naye ni nani? Anasema hujamwambia."