Mkasi Mfukoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Pini aliokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo. Kisha alipika uji, akampelekea mama kitandani. Siku hizi akirudi aliukuta umeganda vilevile.

"Mama, kunywa japo kidogo."

"Shangazi yako kasema saratani hufa kwa njaa. Acha nikomeshane nayo."

Shangazi huyo mafua yake tu yanamshinda, lakini kwa ushauri hana mpinzani. Pini alibembeleza, akanuna, akalia. Mama alizidi kukonda, na mtoto hakuwa na la kufanya.

Siku ya kutiwa dripu ya dawa ya saratani, wakiwa kwenye foleni hospitalini, mama alitumbukiza mfukoni mkasi wake mkubwa na vyuma vya kukandamizia kitambaa.

"Nyamaza," alinong'ona. "Wakijua nimekonda watanigombeza."

Akapanda kwenye mizani. Daktari akaandika uzito, akaanza kupiga hesabu.

"Dawa hii ni kali," alisema. "Napima kwa uzito wa mgonjwa. Ikizidi, inaumiza."

Pini aliutazama mfuko wa mama. Akisema, atamwaibisha mama. Asiposema, je?

"Daktari, mama ana vyuma mfukoni!"

Mama aliinamisha uso. Daktari hakufoka. Aliviweka vyuma mezani, akampima upya, akaufuta uzito wa kwanza.

"Mama, seli za saratani zina ujanja. Zikikosa chakula, husaga vipande vyake vilivyochakaa na kuvila. Wewe ni fundi. Kitambaa kikikosekana, si unafumua nguo kuukuu ushone nyingine? Nazo huponea hivyo hivyo. Anayekwisha ni wewe."

"Hakuna dawa ya kuzizuia zisijile?" Pini aliuliza.

"Wataalamu wanazijaribu. Huenda siku moja zikasaidia, lakini leo sina ya kumpa mama yako."

Pini aliushika mkono wa mama.

"Nilichonacho ni hii dripu," daktari aliendelea, "nayo inanitaka nijue ukweli. Mkinificha, nitamwumiza mgonjwa kwa mkono wangu mwenyewe. Ukisikia habari ya tiba mtaani, ilete hapa kwanza. Na wewe binti, umesema jambo gumu. Usiache."

Baada ya dripu walirudi nyumbani. Jioni Pini alileta uji, akaketi kando ya kitanda. Hakujua kama mama atapona. Hakuna aliyejua.

Mama alichota kijiko kimoja, akakunja uso.

"Umeuunguza."

Kisha akachota kingine.