Nyumba ya Mate

Magloire aliacha kula bukari, ugali wa kwao. Mwanzo ulikuwa huo tu. Colette, mkewe, alimwekea sahani mezani na samaki wa mto Lufira pembeni, yeye akaisukuma, akatoka. Mke alipochungulia dirishani alimwona amechuchumaa nyuma ya jiko, analamba ukuta.

Colette alidhani ni hasira, maana juma zima walikuwa wanagombana. Yeye alitaka wanunue moja ya zile nyumba ambazo kampuni fulani ilikuwa inazipanga mistari kwa mistari kwenye barabara ya Kapolowe, zote sura moja, zimekwisha kupakwa rangi. Unafungua mlango, unaingiza kitanda, basi. Magloire hakutaka hata kuzisikia. Alikuwa na kiwanja upande wa Buluo, na kichwani alikuwa na nyumba yake mwenyewe: baraza pana, chumba cha binti yao Shekina, jiko lenye dirisha kubwa. Mwanaume akishaota nyumba, jamani, nenda kamwamshe uone.

Pale kiwanjani palisimama kichuguu kirefu kupita paa, na Likasi nzima inajua kwamba udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali ya maana. Vibarua walikichimba ubavuni, wakafyatua, wakachoma tanuru la kwanza. Walipokaribia kilele wakaweka majembe chini. Hapo juu hatugusi, walisema, mwenye kichuguu analala hapo. Magloire akawaita waoga, akapanda, akakipasua kile kilele kwa mkono wake. Ikatoka harufu ya damu mbichi. Vibarua waliondoka bila kudai hata ujira wa siku ile, na jioni yake ndipo Magloire aliposukuma sahani.

Jumapili baada ya misa Colette alimfuata kiwanjani, pamoja na mama Orpa, mwanamke anayejulikana mtaani kwa kutoa pepo. Walisikia kabla ya kuona: mtu anatafuna. Magloire alikuwa amepiga magoti, anajaza udongo kinywani, anatafuna, anatema juu ya kichuguu kipya kilichomfika kifuani, kisha analainisha kwa ulimi. Midomo ilikuwa imepasuka. Meno ya mbele hayakuwepo tena.

"Baba Shekina," Colette alisema polepole, "weye unafanya nini?"

"Niko najenga."

"Twende ku nyumba. Nimekubali. Utajenga yako vile unapenda."

"Hii haiko yake." Sauti, ambayo haikuwa ya Magloire, ilitokea kifuani, kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa. "Ni yangu, ile alivunja."

Mama Orpa alimpaka Magloire chokaa nyeupe kwenye paji la uso, akamnyunyizia maji, akamwamuru pepo atoke. Magloire aligeuka akamng'ata mkono mpaka mfupa ukalia. Hapo Colette akaokota jembe. Hakumpiga mumewe, alikipiga kile kichuguu, na udongo ulipomeguka, bega la Magloire likapasuka palepale, damu ikaruka. Naye Colette, ambaye labda hakuelewa au hakutaka kuelewa, akapiga tena kwa uchungu wote wa juma lile, akapiga tena huku analia na kumtukana yule asiyeonekana, na kila jembe liliposhuka nyama ya mumewe ilifunguka, mgongoni, ubavuni, shingoni, na Magloire hakuacha kutafuna.

"Acha, mama," Orpa alinong'ona, ameshika mkono wake uliovunjika. "Unamuua. Ile udongo na mwili yake, yote iko moja."

Jembe likaanguka. "Sasa nifanye nini?"

Kifua cha Magloire ndicho kilichojibu. "Nyumba yangu iishe mbele ya mvula. Ikiisha, namuachilia. Mvula ikinikuta inje, naenda naye."

Upande wa Koni mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi, na radi ilikuwa inakokota mawe. Kichuguu kilibaki kifupi mno.

"Twende," alisema Orpa. "Uko na mutoto. Kamata ile nyumba ya kampuni, ingia na Shekina, funga mulango. Huyu amekwisha kuenda."

Kweli Colette alipiga hatua. Alimpenda mtoto wake, na aliogopa kufa, nani asiyeogopa? Lakini Magloire aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kilele macho yalikuwa yake mwenyewe, yamejaa machozi.

"Colette," alisema, udongo ukimwagika kidevuni, "peke yangu sitaweza."

Tone la kwanza la mvua lilidondoka juu ya tanuru. Orpa aliita, akamvuta Colette nguo, akakata tamaa, akakimbia. Colette alipiga magoti kando ya mumewe, akachota udongo uliolowa damu yake, akafumba macho, akauweka kinywani. Alijiandaa kutapika. Lakini ulikuwa mtamu, na kabla hajatema tonge la kwanza, mkono wake ulikuwa tayari unachota la pili.