Umeme na Tangi la Baba

Saa kumi na moja alfajiri Umeme alikuwa ameshaamka. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa darasa la saba, kwa sababu mwalimu alikuwa hajamaliza kuuliza swali, mkono wake uko juu. Jina lilimpendeza, naye akalitunza kama mtu anavyotunza viatu vipya.

Siku zake zilikuwa hivi: saa nzima ya hesabu kabla jua halijatoka, kisha kumsaidia mama kumvisha bibi, kisha kumjazia baba mabeseni ya kufulia, kisha mbio mpaka shuleni. Shuleni alikuwa kiranja wa darasa, mwimbaji wa kwaya na mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti. Sasa alikuwa pia mmoja wa wanafunzi watatu waliochaguliwa kwenda kwenye shindano la hesabu la shule zote za mji. Jioni alipiga pasi nguo za wateja, halafu akasoma mpaka kitabu kimwangukie usoni.

"Pumzika kidogo, mwanangu," mama alimwambia.

"Nitapumzika nikizeeka, mama," Umeme alijibu, na wote wakacheka.

Baba yake alikuwa dobi. Uani kulikuwa na kamba ndefu za kuanikia, mabeseni makubwa, na tangi jeusi lililowekwa juu ya jukwaa la matofali. Maji ya bomba yalikuja Jumanne na Ijumaa tu. Kwa hiyo baba alilijua tangi lile kuliko alivyozijua nywele zake, ambazo hata hivyo zilikuwa zimebaki chache. Kila asubuhi alipanda ngazi akatumbukiza ufito wenye alama nne alizozichonga kwa kisu. Alama ya nne ilikuwa tangi limejaa. Maji yakifika alama ya kwanza, baba alifunga kazi, hata kama mteja amesimama mlangoni amenuna.

Hofu ya Umeme ilianza darasani. Mwalimu wa hesabu aliuliza saba mara nane. Umeme akanyoosha mkono kama kawaida yake, akasimama, akafungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka. Alilijua jibu lile tangu darasa la tatu, lakini pale lilipokuwa likikaa kichwani palikuwa peupe.

"Jamani, umeme umekatika!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, na darasa zima likavunjika mbavu.

Umeme naye alicheka, lakini jasho jembamba lilimtoka mgongoni. Wiki hiyo mambo yalizidi. Maandishi ya ubaoni yalianza kuchezacheza. Alisahau mkoba wake uwanjani mara mbili. Alilia kwa sababu kalamu imeanguka. Asubuhi moja aliingia jikoni, akasimama katikati na kitana mkononi, akajiuliza kwa sauti, "Hivi nilikuja kuchukua nini hapa?"

Kutoka sebuleni akasikia sauti nyingine ikiuliza maneno yale yale. Alikuwa bibi, amesimama na kiatu kimoja mkononi, akitazama ukuta.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anaugua ugonjwa wa kusahau. Mama aliwahi kuwasimulia wageni mara nyingi ulivyoanza: "Ulianza hivi hivi. Leo kasahau ufunguo, kesho kasahau jina la jirani, keshokutwa kapotea njia ya kurudi nyumbani kwake mwenyewe."

Leo mkoba, kesho saba mara nane. Umeme alihesabu, na hesabu ile haikuhitaji kalamu. Aliamini kwamba ugonjwa wa bibi umeingia kichwani mwake.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mama alikuwa na mgonjwa mmoja tayari. Badala yake alianza kumkwepa bibi. Bibi akimwita aje akae karibu naye, alijitia hajasikia. Akaamua pia kuongeza bidii, maana alidhani ubongo unaokimbizwa sana hauwezi kulala. Saa kumi na moja ikawa saa kumi. Kila asubuhi alijitajia mwenyewe jina lake, jina la baba, jina la mama, kuhakikisha bado yapo. Kijana wa miaka kumi na mitatu akijiuliza jina la mama yake kwa hofu, hilo si jambo dogo, lakini nyumbani kila mtu aliona binti hodari tu.

Jumatano asubuhi alijaza mabeseni mawili kama kawaida, akaenda shule. Aliporudi alasiri alimkuta baba ameketi juu ya beseni lililofunikwa, ufito mapajani, mkavu kuanzia juu mpaka chini. Maji yalikuwa yamepita uani yote, yakateremka mpaka barabarani.

"Nani aliacha bomba la tangi wazi?" baba aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilimtisha zaidi.

"Nililifunga, baba."

"Nimetoka kupeleka nguo za wateja, nimelikuta wazi kabisa."

"Nililifunga! Nakumbuka nililifunga!"

Na kweli alikumbuka. Aliuona mkono wake ukizungusha bomba, aliusikia ubaridi wa chuma. Alikuwa anakumbuka jambo ambalo halikutokea. Hata bibi alikuwa na tabia hiyo, ya kuapa kwamba ameshakula wakati sahani yake iko mbele yake imejaa. Umeme aliingia chumbani, akajifunika shuka gubigubi.

Kulikuwa na makoti kumi na mawili meupe ya zahanati yaliyotakiwa Jumamosi. Ijumaa alfajiri maji yakaanza kuingia kwenye tangi. Baba alikuwa ameenda kuchukua mzigo wa nguo kwa mteja. Umeme akaona hii ndiyo nafasi yake ya kusawazisha mambo. Hata ndoo tano hazijaingia, akafungua bomba, akajaza beseni, akaloweka makoti yote, akafua kwa nguvu zake zote na roho mkononi. Giza lilikuwa bado halijaisha vizuri. Kulipopambazuka aliona alichokifanya. Makoti yote yalikuwa rangi ya chai.

Baba aliporudi aliyatazama, akamtazama binti yake, akakuna kichwa mahali nywele zilipokuwa zamani.

"Vaa viatu," alisema. "Twende zahanati sote wawili tukaseme ukweli."

Njia nzima Umeme alitembea hatua mbili nyuma ya baba. Alikuwa na hakika kwamba daktari akimtazama tu usoni atajua, na kwamba akishajua, maneno yatasemwa kwa sauti na hayatarudi tena.

Daktari alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba alimweleza habari ya makoti na kuahidi kuyatakasa upya kabla ya Jumatatu. Daktari akacheka. "Mzee, mimi nina koti moja la akiba. Lakini huyu binti mbona anatetemeka? Makoti tu haya!"

Hapo ndipo Umeme alipopasuka. Alilia mpaka pua ikaziba. "Naumwa ugonjwa wa bibi," alisema. "Nasahau kila kitu. Nakumbuka vitu ambavyo sikufanya. Baba, usimwambie mama."

Baba alishika ukingo wa meza. Umeme hakuwahi kumwona baba yake akiogopa, na alipomwona alitamani kuyameza maneno yake.

Daktari hakuogopa. Alimpima damu, akamwangalia macho, akamgonga magoti kwa kijinyundo. Kisha akachukua karatasi. "Haya, nisimulie siku yako. Kuanzia kuamka mpaka kulala. Usiruke kitu."

Umeme alisimulia. Daktari aliandika mpaka karatasi ikajaa, akaigeuza upande wa pili, mwishowe akaweka kalamu chini.

"Unalala saa ngapi?"

"Saa sita. Wakati mwingine saa saba."

"Na kuamka saa kumi. Mimi nina miaka hamsini na mbili, na ratiba hii ingenilaza kitandani ndani ya wiki." Alivua miwani. "Nisikilize, mwanangu. Ugonjwa wa bibi yako ni wa uzeeni. Haumkamati mtoto wa miaka kumi na mitatu kwa namna hii, na damu yako ni safi. Wewe umechoka. Na si uchovu wa jana wala wa juzi. Umeulimbikiza miezi na miezi mpaka mwili umegoma. Mtu aliyechoka hivyo husahau, huona maandishi yakicheza, hulia bila sababu. Hata bomba huota amelifunga."

"Kwa hiyo akili yangu haijaharibika?"

"Ingekuwa imeharibika ungenisimulia siku nzima bila kukosea saa hata moja? Utalala saa tatu usiku. Kwa wiki mbili hakuna mbio, hakuna shindano, hakuna pasi. Kula, cheza, kaa bure. Kisha tuonane."

Umeme alirudi nyumbani mwepesi. Alilala siku hiyo kuanzia mchana, na Jumamosi, na Jumapili. Jumatatu aliamka akiwa mchangamfu kabisa, saba mara nane ikatoka yenyewe. Basi nimepona, akajiambia. Jumanne akarudi kwenye mazoezi ya mbio, akabaki pia kwa mwalimu wa hesabu na wenzake wawili. Hakumwambia mtu nyumbani.

Swali la nne, tarakimu zikaanza kucheza. La tano hakuliona kabisa. Kalamu ilimponyoka, na ile hofu ya zamani ikarudi na jamaa zake wote. Daktari amekosea, aliwaza. Nimelala siku tatu na bado. Kumbe kweli ni ule ugonjwa.

Baba alimkuta ameketi nyuma ya tangi, kichwa magotini. Safari hii Umeme hakuficha kitu. Alieleza yote, hata yale mazoezi ya siri.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ufito wake. "Panda ngazi nikuonyeshe. Ijumaa ile, maji yalikuwa yameanza kuingia, au hayakuwa yameanza?"

"Yalikuwa yameanza."

"Sasa kwa nini makoti yalitoka rangi ya chai?"

Umeme alifikiri. "Yalikuwa na tope."

"Tope liko chini ya tangi siku zote. Mimi sishuki chini ya alama ya kwanza kwa sababu hiyo. Tangi likikauka kabisa, maji mapya yakiingia hulivuruga lile tope lote. Ukitazama juu unaona maji, unafurahi. Lakini ukifulia nguo nyeupe siku hiyo umejiharibia. Unafanya nini?"

"Unasubiri yatulie."

"Siku mbili, tatu. Unafulia matambara kwanza, halafu shuka za rangi. Nyeupe mwisho." Baba alimgusa begani. "Wewe ulikauka, mwanangu, na mimi nilikuwa nachungulia tangi kila asubuhi, sikukuchungulia wewe. Nisamehe kwa hilo. Siku tatu za usingizi ni maji ya kwanza tu. Ukakimbilia nyeupe."

Umeme alitazama maji ndani ya tangi. Yalikuwa meusi, yametulia, hayana haraka na mtu.

Kesho yake baba alimsindikiza shuleni. Umeme mwenyewe ndiye aliyemwambia mwalimu wa hesabu kwamba hatakwenda kwenye shindano. Alidhani mwalimu atamwona mvivu. Mwalimu alisema, "Lawama ni yangu pia. Nilikupa kila kazi kwa sababu hukuwahi kukataa." Nafasi yake alipewa jirani yake wa dawati, msichana mpole ambaye hakuna aliyewahi kumpa jina la utani. Ukiranja aliurudisha. Mbio aliziacha mpaka muhula ujao. Kwaya aliibakiza, kwa sababu alipoimba alitoka na nguvu nyingi kuliko alizoingia nazo.

Tangu hapo baba alikuwa na maswali mawili kila asubuhi. La kwanza alilielekeza kwa ufito. La pili alimwuliza binti yake, "Na wewe leo uko alama ya ngapi?" Siku za mwanzo Umeme alitaka kudanganya, aseme nne. Alisema moja. Wiki ya pili ilikuwa mbili, siku moja ikarudi moja, akaogopa, akalala mapema, ikapanda tena. Maandishi yalitulia bila yeye kujua ni siku gani hasa yalipoacha kucheza.

Jirani yake wa dawati alirudi na nafasi ya tatu, na Umeme alipiga makofi kuliko watu wote. "Kumbe umeme umerudi," mtu mmoja wa nyuma akasema.

"Umerudi," Umeme alijibu, "lakini siku hizi tunazima taa saa tatu."

Jumamosi hiyo baba aliyapeleka makoti mengine zahanati, meupe pe. Daktari alimpima Umeme tena, akaridhika. "Bidii ni jambo jema," alimwambia, "lakini mwenye bidii ni mwili, na mwili una kiasi chake. Jifunze kukijua kiasi chako, ukiseme kweli, na uombe msaada kabla hujakauka. Usikae na hofu peke yako mwezi mzima, wakati watu wanaokupenda wako chumba cha pili."

Umeme aliporudi alipita moja kwa moja mpaka sebuleni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani. Umeme aliketi chini karibu na miguu yake, mahali alipopakimbia kwa wiki nyingi.

"Maji yamekuja?" bibi aliuliza.

"Yamekuja, bibi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akatazama nje, kisha akamgeukia tena. "Maji yamekuja?"

Umeme alimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wenye joto, na hakuona cha kuogopa.

"Yamekuja, bibi," alisema. "Tumeyaacha yatulie kwanza."