Nailoni Chini ya Mahindi

Kwetu Gansu, Uchina, mvua ni chache. Baridi ikiisha tunatandika nailoni nyeupe juu ya matuta, unyevu usikimbie. Mahindi yanaota vizuri. Lakini tukishavuna, mume wangu Shouren alikuwa anapitisha trekta juu ya ile nailoni kuukuu. Inachanika, inafukiwa. Nani ana muda wa kuiokota?

Mwaka juzi mahindi ya shamba la chini yakawa manjano yangali machanga. Shouren akaongeza mbolea. Wapi! Siku moja tukiwa tunakula tambi akasema, "Mama Doudou, shamba likitunyima tena, naenda mjini Lanzhou kubeba zege."

"Na mtoto?"

"Si yuko na wewe?"

Nikaweka bakuli chini. Hapa kijijini wapo watoto wanaomjua baba kwenye simu tu.

Shangazi Luo, jirani yetu, alikuwa mlangoni, amekuja kuomba siki. "Kabla hujabeba zege," akasema, "nionyeshe hayo mahindi."

Shambani aling'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa umepinda, umeng'ang'ania kipande cha nailoni.

"Shouren, umepanda mahindi au mifuko?"

"Shangazi, si itaoza?"

"Utaoza wewe kwanza! Mzizi ukiigusa unageuka. Maji nayo hayashuki. Sasa hiyo mbolea unamlisha nani?"

Akatueleza. Tununue nailoni nene, maana nyembamba haitoki nzima. Tukishavuna, tuivute yote kabla ya kulima, na vipande tuvikusanye kwa reki. Tusiichome, moshi wake ni sumu. Tuipeleke kwa wanaoikusanya. Isibaki kwenye mabua tunayowalisha kondoo, wakiila watakufa. Kisha tutie samadi iliyooza.

Vuli ile tuliokota mpaka migongo ikakataa.

"Nimeoa mke au msimamizi?" Shouren akalalamika.

"Okota, Baba Doudou."

Sitakudanganya, udongo haukupona mara moja. Bado kila tukilima tunaokota vipande. Lakini mwaka huu mvua ilipopiga, maji yalizama, hayakutuama. Mahindi yakasimama, kijani mpaka majani ya chini.

Mama mwenzangu, usingoje kama mimi. Nenda leo ukachimbe shambani kwako, utazame. Ukiona vipande vyeupe, mzuie mwenye trekta, hata akinuna.

Mimi nimemaliza kumenya mahindi. Shouren amelala kitandani, mchana wote huu, anakoroma, na Doudou amemlalia tumboni. Simwamshi.