Jino la Utoto la Levina

Ndugu zangu, hasa akina mama mnaohamia mashambani na watoto msimu wa mpunga, nawasimulia yaliyompata jirani yangu Gaudensi na mkewe Fausta, ng'ambo ya Kivukoni. Sisengenyi. Wenyewe wameniruhusu, na katika kosa lao mimi pia nimo.

Asubuhi ile ilikuwa njema. Mpunga umekauka, Gaudensi anapiga, Fausta anapepeta, nami nimekuja kuwasaidia kama tunavyosaidiana kila mwaka tangu mume wangu, Mungu amrehemu, alipotutoka. Binti yao Levina, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akitwanga mpunga wa chakula cha mchana. Baba yake akamtazama, akafoka kwa utani:

"Levina! Tema huo mchele! Utatupikia maji matupu."

Watoto wetu mnawajua, mchele mbichi kwao ni peremende. Tukacheka. Levina akafungua kinywa. Hakikuwa na hata chembe moja, na shavu la kushoto lilibaki limetuna vilevile.

"Matubwitubwi hayo," akasema Fausta. "Mama Evod, chungu chako kina masizi?"

Chungu nikakitoa. Ndiyo, ni mimi niliyekitoa. Tukampaka masizi shavuni kama mama zetu walivyotupaka sisi, tukarudi kwenye mpunga.

Ikapita wiki, ikapita ya pili na ya tatu. Masizi yalioshwa, yakapakwa mengine. Shavu halikuuma wala mtoto hakuwa na homa, ila uvimbe haukupungua. Wenzake wakamwita Ghala. "We Ghala, msimu huu umeweka gunia ngapi?" Akawa anatembea kainamisha kichwa, kajifunga kitenge cha mama yake hadi puani. Jumapili akakataa kanisa, yeye aliyekuwa mstari wa mbele kwaya ya watoto.

Hapo moyo wangu ukakataa kutulia. Matubwitubwi nimeyauguza kwa watoto wangu watano. Hukaa wiki moja, yakizidi sana siku kumi, yakaenda zake. Nikamwita Levina kwangu, juani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fungua mdomo. Zaidi! Kama kwenye kwaya."

Akacheka kidogo, akafungua. Nikahesabu meno ya chini upande wa kulia, nikahesabu ya kushoto. Kulia, jino jipya limeshachomoza nyuma ya chonge. Kushoto, mahali palepale, kimesimama kisiki cha jino la utoto, cheusi, kimetoboka. Taya pembeni yake limefura, gumu kama mfupa.

"Hili lina tobo tangu lini?"

"Tangu darasa la pili. Mama alisema la utoto hilo, litang'oka lenyewe."

Ndugu zangu, nani kati yetu hajayasema maneno hayo?

Nikaenda kwa baba yake. "Gaudensi, mpeleke mtoto Ifakara kwa daktari wa meno. Kesho."

"Kesho? Mama Evod, mpunga uko chini na mawingu unayaona. Tumalize kwanza."

"Wiki jana ulisema hivyohivyo."

"Si haumwi! Kwani wewe udaktari umesomea wapi?"

"Sijausomea. Ila kuhesabu nilifundishwa darasa la kwanza, na mtoto wako ana jino moja halijulikani lilipo. Mpunga ukilowa tutauanika. Taya likivunjika, utalianika wapi?"

Gaudensi akarudi kupiga mpunga. Fausta ndiye aliyeweka ungo chini. "Baba Levina, mimi nakwenda. Kilichobaki utapepeta mwenyewe."

Tukapanda bodaboda mbili, tukavuka daraja. Hospitalini daktari alimpiga Levina picha ya mionzi, akatuonyesha. Ndani ya taya palikuwa na kivuli cheusi kama kifuko, na ndani ya kifuko jino zima limelala.

"Jino la utoto lilioza, uozo ukafika kwenye mizizi," akasema. "Chini yake jino jipya lilikuwa linasubiri zamu yake. Pakajijenga kifuko cha maji, kikalizingira na kulisukuma chini. Kifuko kinakua, mfupa unaliwa. Hapa umebaki kama ganda la yai. Mngengoja zaidi, angeweza kuvunjika taya kwa kutafuna muhogo."

Fausta akashika kichwa. "Dokta, ni saratani?"

"Haifanani nayo, lakini hatukisii, mama. Tutapima."

Walimchoma sindano ya ganzi, wakang'oa kisiki, wakafungua kidirisha kwenye kifuko. Maji ya njano yakatoka. Kinyama kidogo kilipelekwa kupimwa, na majibu yalipokuja hayakuwa ya saratani. Jino lile jipya hawakuling'oa. Daktari alisema mfupa wa mtoto hujijenga upya, na jino likipewa njia laweza kupanda lenyewe. Tusafishe kidirisha kwa maji ya chumvi kila akila, na kliniki tusikose.

Gaudensi, ambaye mpunga wake ulinyeshewa kweli na tukauanika, ndiye aliyechemsha maji yale kila siku bila kukumbushwa. Mwezi kwa mwezi shavu likashuka. Kitenge kikarudi kiunoni mwa mwenyewe.

Mwezi wa tisa tangu kisiki king'olewe, Gaudensi alikuja kwangu mbio, jembe begani.

"Mama Evod! Limetoka!"

"Nini? Nyoka?"

"Jino!"

Nyuma yake Levina, kinywa wazi. Pale palipokuwa na kisiki imechomoza ncha nyeupe, safi. Fausta, aliyekuwa akiwafuata, akapiga vigelegele, ingawa ilikuwa Kwaresima, na sikumkataza. Nilimsaidia.

MAFUNZO

Jino la utoto si la kupuuzwa kwa sababu litang'oka. Limemshikia mwenzake nafasi, na likioza linaweza kumharibia njia. Uvimbe wa taya usioisha si wa masizi, hata usipouma. Upo mwingine mbaya kuliko wa Levina, unaokua kwa siku chache tu. Chungulieni vinywa vya watoto wenu. Na Mungu tumwombe, tena sana, lakini tumwombe tukiwa njiani kwenda hospitali.